Nilivyompeleka Msanii Kwenye Uchaguzi wa Chama cha Kuzikana

Leo heshima yangu imekwisha, jamani. Imekwisha mchana kweupe, hapa Mayfair, Johannesburg, mbele ya watu walewale niliokuwa nawaomba kura. Naandika haya nikiwa nimejifungia chooni, kwa sababu sebuleni kuna wageni waliokuja kumpongeza aliyenishinda. (Ndiyo. Kwangu. Nitafika huko.)

Kwa msionijua: mimi ni Shabani, mtunza ghala kule Midrand. Shule niliiacha mapema. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, taratibu, kwa mpangilio. Kwa miaka mingi, nikiwa kwenye teksi ya asubuhi, yaani daladala ya huku, nasikiliza wachambuzi wa siasa wa Marekani, wale wa mrengo wa kihafidhina. Jioni nawarekodia wenzangu maelezo kwa Kiswahili kwenye kundi letu la WhatsApp. Seneti ni nini. Majaji wao wakuu hupatikanaje. Kwa nini jimbo dogo lina maseneta sawa na jimbo kubwa. Wanaosikiliza hadi mwisho ni wachache. (Mmoja wao ni mimi mwenyewe, nahakiki sauti.)

Ila somo langu kubwa ni moja, na sijawahi kulibadilisha: umaarufu si elimu. Mwigizaji anapanda jukwaani kupokea tuzo, anawafundisha watu habari za mipaka ya nchi, kisha anarudi kwenye nyumba yenye ukuta mrefu kuliko wa msikiti wetu. Mwimbaji ambaye hajawahi kutafuta kazi ya kibarua anamwambia fundi bomba ampigie nani kura. Jambo hili limekuwa likiniudhi kana kwamba mimi ndiye mpiga kura wa huko. Nimelirekodia maelezo mengi. Mengi mno, kama mtakavyoona.

Sasa, chama. Sisi tunaosema Kiswahili hapa Johannesburg tuna chama cha kuzikana. Mtu akifariki, chama kinashughulikia kumzika hapa au kumsafirisha nyumbani. Kaka yangu alipofariki katika jiji hili, mwili ulikaa chumba cha maiti hadi mama yetu kule Tanga akaacha kuuliza "lini" na kuanza kuuliza "kwani kafa kweli?" Kila kiongozi alinielekeza kwa mwenzake. Hakuna aliyekuwa mbaya. Hawakujua tu waanzie wapi. Tangu hapo nimejifunza utaratibu wote, ofisi kwa ofisi, na mwenyekiti wetu aliporudi Dar es Salaam moja kwa moja, nikagombea. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: mama mwingine asipigiwe simu za namna ile.

Mpinzani wangu alikuwa Sudi, muuza simu. Mtu mchangamfu. Hajawahi kumaliza kusoma ukurasa. Juzi akatangaza kwamba siku ya uchaguzi atapika biriani.

Nilimwambia mke wangu kwamba hiyo ni rushwa. Alikuwa anakunja nguo.

"Baba Zuhura, hao watu umewasomea katiba mara ngapi?"

"Kila ilipohitajika."

"Na wangapi walikuwa macho?"

Nikachukua soksi moja, nikaikunja.

"Sudi anawapa biriani. Wewe utawapa nini, Seneti?" Akaweka shati langu pembeni. "Hidaya yupo hapa. Nenda naye."

Hidaya ni mwimbaji wa taarabu. Mkubwa. Kwao na kwetu Tanga ni nyumba na nyumba. Alikuwa amekuja kuimba kwenye harusi, akafikia kwangu, na tangu afike majirani wamekuwa wakija kuazima chumvi tuliyo hakika wanayo.

"Mimi?" nikasema. "Mimi nitumie msanii kuombea kura?"

"Haya. Sudi atakula kura na biriani, wewe utabaki na kachumbari."

Nikatafuta hoja, na nilivyoitafuta kwa bidii, nikaipata. Nikajiambia Hidaya hatazungumzia uchaguzi, atasalimia tu. Tena wale wachambuzi wangu nimewaona. Mwaka mzima wanamwambia msanii afunge mdomo. Siku msanii mmoja akisema maneno wanayoyapenda, wanamwita jasiri na kumpa kiti cha mbele. Mara ya kwanza kuliona hilo nilicheka peke yangu ndani ya teksi, hadi abiria wa pembeni akasogea. Safari hii sikucheka. Safari hii niliona kuwa wana busara.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Katiba ya chama, ambayo niliiandika mimi, inasema asiye mwanachama haingii ukumbini siku ya uchaguzi. Sudi angelalamika. Kwa hiyo tulipofika mlangoni nikamlipia Hidaya ada, akapewa kadi yake ya uanachama, tukaingia. Kila kitu kihalali. Nilijiona mtu makini sana. (Mnikumbushe hapa baadaye. Au msinikumbushe.)

Ukumbi uko nyuma ya madrasa. Haujawahi kujaa vile. Upande wa kina mama hapakuwa na pa kuweka mguu. Hidaya alipoingia, simu zote ziliinuka juu. Hata Sudi alipiga picha.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Papa Kalala, fundi cherehani kutoka Doornfontein, Mkongomani, mtu asiyependelea upande wowote. Akaniita. Nikaeleza mpango wangu: nani apigiwe simu kwanza, ofisi ipi inafuata, nani anakaa na wafiwa. Nilizungumza vizuri. Najua, kwa sababu hakuna aliyenisikiliza na bado nilimaliza. Kisha nikasema, "Dada yetu Hidaya naye angependa kuwasalimia."

Vigelegele.

"Asalaam aleikum, watu wangu wa Mayfair!" akasema Hidaya. "Huyu Shabani ni kaka yangu. Namjua tangu anaogopa kuku. Mpeni kura!"

Nilimwomba asalimie tu. Lakini siwezi kudanganya, moyo ulifurahi. (Habari ya kuku si kweli. Alikuwa bata mzinga, na bata mzinga yule angemwogopesha mtu yeyote.)

Hapo Sudi akasimama. Taratibu, kama mtu aliyekwisha kushiba.

"Papa Kalala, naomba kumburudisha mgeni wetu kidogo. Ni sauti ya Mwalimu wa Marekani mwenyewe, wiki iliyopita tu."

Akaweka simu kwenye kipaza sauti. Sauti yangu ikajaa ukumbini, tulivu, ya mtu anayejiamini:

"Ndugu zangu, mwimbaji ameumbiwa koo, si mashauri. Akianza kukuambia umpigie nani kura, zima redio, nenda kasafishe jiko. Utakuwa umelisaidia taifa zaidi."

Jamani! Ukumbi ulilipuka. Kuna mzee mmoja alicheka hadi akatolewa nje akapate hewa. Nilimtafuta binti yangu Zuhura, aliyezaliwa hapahapa na ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Eish, Baba," akasema.

Hidaya alichukua kipaza sauti. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali.

"Kaka Shabani amesema kweli," akawaambia watu. "Mimi nimeumbiwa koo. Basi sitoi shauri. Naimba tu."

Akaimba. Bila ala yoyote. Ule wimbo wa kubembeleza watoto tuliolelewa nao watu wa pwani yetu, lakini taratibu zaidi, kana kwamba anamwimbia mtu aliyelala asiamke. Kicheko kikakatika. Kina mama wakaanza kulia, kisha wanaume wakaanza kutazama dari. Nami nilimkumbuka kaka yangu na mama yangu. Nililia. Nalikiri hilo kwa sababu lipo kwenye video.

Aliponyamaza, bibi mmoja aitwaye Mama Kitwana alinyanyua mkono huku anafuta macho.

"Mimi nampendekeza huyu."

"Yupi, mama?" akauliza Papa Kalala.

"Huyu mtoto. Hidaya. Awe mwenyekiti. Huyu anajua uchungu wa msiba."

Nikasimama haraka. "Bi mkubwa, Hidaya ni mgeni! Chama ni cha wanachama!"

"Kadi iko naye?" Papa Kalala akamwuliza kijana wa mlangoni.

"Kadi anayo. Kalipiwa ada leo hii."

"Na nani?"

Kijana alininyooshea kidole. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

"Lakini haishi hapa!" nikasema. "Anaondoka kesho!"

Papa Kalala alivaa miwani, akafungua katiba, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Papa Shabani, mutu akiwa na kadi, iko mwanachama. Mwanachama anaweza kupendekezwa mbele ya kura kuanza. Mambo ya kuishi fasi gani, haiko humu. Hii katiba ni weye njo uliandika."

Watu wakainua mikono. Sitawaeleza ya Hidaya ilivyokuwa mingi. Yangu ilikuwa minne, mmoja ukiwa wangu mwenyewe. Wa mke wangu sikuuona. (Anasema alikuwa amebeba mtoto wa watu. Mtoto gani, hakumbuki.) Sudi alipata watu wake wachache, wale waliokuwa wamefungashiwa chakula cha kwenda nacho nyumbani.

Hidaya aliweka mkono kifuani. "Sikutegemea! Nitawaongoza popote nitakapokuwa. Namba yangu mnayo?" Hawakuwa nayo. Wakapewa. Huo ndio ukawa mpango wake wote wa uongozi, na ulipigiwa makofi kuliko wangu.

Nje, Sudi alinikumbatia. Sikuwa na nguvu ya kumzuia.

"Mwalimu, tumeliwa wote wawili."

"Wewe ulicheza ile sauti."

"Na mimi nikapika. Biriani wamekula langu, kura wamempa mtu ambaye hata kumenya kitunguu hajamenya." Akatikisa kichwa. "Ila anaimba, bwana."

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa sahihi. Kila nilichowaeleza kwa miaka yote kimethibitishwa ndani ya mchana mmoja, mbele ya mashahidi, na aliyekithibitisha ni mimi, kwa fedha yangu. Wale wachambuzi wa Marekani wanazungumzia nchi kubwa yenye jeshi na mahakama. Mimi nimelifanya jambo lilelile kwenye ukumbi wa nyuma ya madrasa, na chai ya mkutano ilikuwa bado ya moto.

Sasa hivi mlango wa choo umegongwa.

"Kaka Shabani, upo humo?"

"Nipo."

"Kuna kijana amenipigia. Baba yake yuko hospitali, hali si nzuri, anataka kujua ajiandae vipi. Sasa mimi kama mwenyekiti namwambia nini?"

"Mwambie anipigie mimi."

"Sawa, kaka. Ahsante." Akagonga tena. "Akiniuliza wewe ni nani kwenye chama, nimjibuje?"

Nilifikiri kwa makini, kama nifanyavyo siku zote. Nimemwambia ampe tu namba.

Ndege yake inaondoka kesho asubuhi. Anasema atarudi ikitokea harusi nyingine. Basi kucheka chekeni, najua siwezi kuwazuia. Ila nawaomba wanachama wote, kwa heshima na taadhima, hadi mwenyekiti wetu atakaporudi, msife.