Mlango wa Shangazi Zuwena Kwenye Mkataba Janja

Jumapili, 9 Julai 2023

Awadhi kauza jogoo! Si jogoo wa kula. Picha ya jogoo, kwenye simu, kwa mtu wa Ureno. Kaitangaza mtaa mzima wa Ng'ambo tangu asubuhi. Mtu anauza makava ya simu mkabala na mimi, jogoo mwenyewe ana kengeza, na leo watu wanamwamkia kama sheikh. Chakula cha mchana kimenishinda.

Nimejibu. Nimepiga picha mlango wa shangazi Zuwena: mninga mtupu, nakshi za tangu enzi za misafara. Nikauandikia mkataba janja, ule unaokaa mtandaoni na kujitekeleza wenyewe. Dau kubwa likimaliza siku mbili bila kupitwa, picha inahamia kwa mnunuzi. Hakuna wakili, hakuna dalali. Ukishaandikwa, hata aliyeuandika hawezi kuufuta. Ndiyo raha yake.

Ila picha tupu ina mvuto gani? Nikaongeza kifungu: atakayeipata picha, na mlango wenyewe ni wake. Nani atatoka Ureno kuja kubeba mlango Tabora? Kisha kifungu cha mwisho, cha usalama: anwani ya Awadhi ya mtandaoni ni marufuku kuweka dau. Nimekisoma mara tatu kwa furaha.

Shangazi sijamwambia. Nakaa kwake bure, na meza yangu ya kutengeneza simu iko barazani kwake. Jumamosi anamwoza binti yake, Najiat. Ana mengi, asisumbuliwe.

Jumatatu, 10 Julai

Saa nne, hakuna dau. Saa sita, hakuna. Awadhi kaja kuuliza kama mlango wangu umeshafika Ulaya au umekwama Manyoni. Wateja wakacheka. Wateja wangu!

Soko linataka kuchangamshwa. Nimempigia Mathias wa Tura, fundi wa reli. Ni Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Babu zake waliwatoza babu zangu hongo, ushuru wa njia, kila msafara ulipopita Ugogo, na yeye hajaacha. Akinikuta na muwa anachukua nusu, na mtani hakasirikiwi. Nikamwomba aweke dau dogo, la bei ya kuku, wengine wapate kufuata. Akasema hana sarafu za mtandaoni. Nikamtumia zangu, zote. Saa nane dau likaingia.

Mathias alicheka sana. Sijui kwa nini alicheka vile.

Jumanne, 11 Julai

Wengine hawajafuata.

Mkataba una saa yake, inahesabu kurudi nyuma, nami naichungulia kila nikikaza skrubu. Nimeharibu kioo cha simu ya mtu. Nimempigia Mathias ajitoe. Akasema Mgogo hajawahi kurudisha hongo. Nikamwambia huu si utani. Akasema kama si utani, basi ni mkataba.

Jioni Najiat alikuwa anausugua mlango kwa mafuta, anaimba. Shangazi akasimulia jinsi mumewe siku ya harusi alivyofungiwa nje ya mlango huohuo, akalowa jasho na kanzu yake, mpaka alipotoa kifungua mlango cha kuridhisha. Na Jumamosi, akasema, bwana harusi atalowa vilevile, na atakayeshika komeo ni mimi, kwa kuwa Najiat hana kaka. Najiat akanitazama kwa macho ya kunitegemea.

Nikasema inshallah. 

Jumatano, 12 Julai

Nimemeza kiburi. Saa sita nimevuka barabara nikamwomba Awadhi aweke dau la kumpita Mathias. Akakubali, sharti nimwite mwalimu mbele ya watu. Nikamwita. Akasema hakusikia vizuri. Nikamwita tena, kwa sauti, na muuza karanga akasimama kusikiliza.

Akaweka dau. Mkataba ukakataa. Akaweka tena. Ukakataa. Akasoma kifungu cha mwisho, polepole, mdomo ukifuata maneno. Akanitazama. 

Saa nane kamili mlango ukawa wa Mathias.

Alhamisi, 13 Julai

Ujumbe kutoka Tura: anakuja Jumamosi kuchukua mali yake, shangazi amwekee chai. Jumamosi! Nimemwomba Mungu treni ichelewe. Siku zote huchelewa, nikiwa na haraka.

Ijumaa, 14 Julai

Nimenunua pazia. Jekundu, lina maua. Nikamweleza shangazi kwamba siku hizi maharusi wa mjini hawataki milango, wanataka mapazia, yanapendeza kwenye video. Akanishika paji la uso. Akamtuma Najiat aniletee dawa ya malaria.

Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Mdomo nikaufungua. Akatia kidonge.

Jumamosi, 15 Julai

Treni imewahi.

Mathias kaingia saa tatu na nyundo na tindo, kavaa suti. Wanawake wanapepeta mchele, yeye anapima bawaba. Shangazi akauliza kulikoni. Mathias akapiga magoti, shikamoo shangazi, marahaba, kisha akamsomea mkataba wote kwenye simu. Wote. Najiat akasikia akiwa na hina mikononi, akaanza kulia. Kulia kweli, mabega yakitikisika. Hapo ndipo nilipoona aibu.

Kumkatalia mtani mbele ya watu, haiwezekani. Shangazi akajifuta mikono. Kisha akasema, “Haya, mtani wangu, nimekuelewa. Mlango ni wako, sibishi. Kumbe miaka yote hii ni mlango wako uliokuwa unanipigia kelele? Kumbe mchwa wale ni wako? Mafuta niliyoupaka tangu nimeolewa, umekuja kunirudishia? Na leo kuna harusi. Mwenye mlango halali, mwenye mlango anashika komeo!”

Uani pakalipuka vigelegele. Mathias akacheka hadi akaegemea ukuta, akaweka tindo chini, akaomba kopo la mafuta.

Basi bwana harusi alipofika, aliyemfungia ni Mathias. Alimtoza kwa ustadi wa ukoo mzima. Mtu alilowa mpaka kofia. Najiat akacheka ndani ya mtandio, na kifungua mlango chote akapewa yeye. Harusi nzuri kuliko zote, wanasema. Mimi sikuona. Mwenye mlango alinipiga marufuku kupita, kama nilivyompiga marufuku Awadhi. Nilikuwa uani, nakoroga pilau.

Jumapili, 16 Julai

Mathias karudi Tura. Mlango kauacha ulipo, ila ni wake, na kila Idi atakuja kuukagua na kula. Shangazi kasema mtani hana kosa. Mwenye kosa ni aliyeuza kisicho chake. Meza yangu imehamishiwa uani, kando ya banda la kuku. Barazani kakaribishwa Awadhi.

Nimekaa nikatafakari sana. Kosa langu nimeliona: niliuza mlango mzima mara moja. Lakini leo nimeusoma tena mkataba, neno kwa neno. Umetaja mlango tu. Mwimo haukutajwa! Kizingiti hakikutajwa! Vyote mninga, vyote vina nakshi.

Nimeshapiga picha. Mkataba mpya uko tayari, na anwani ya Awadhi nimeipiga marufuku tena, nisirudie makosa. Sarafu za kuanzia amenikopesha Awadhi huyohuyo. Nimempigia Mathias aweke dau la kwanza, la kuchangamsha soko tu.

Amecheka sana. Hata leo sijui kwa nini.