Pikipiki ya Marehemu Losala

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Nimeipata. Si hizi pikipiki za siku hizi zinazolia kama mbu. Hii ni ya chuma, nyeusi, ya zamani za mapadri wenye ndevu. Iko Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa tonton Yusufu, mzee anayeuza vyuma vikuukuu. Nilipoipanda miguu haikufika chini vizuri. Dalili nzuri. Chombo cha heshima lazima kimzidi mtu kidogo.

Haina karatasi. Tonton Yusufu anasema mchwa walizila zote. Nikamwambia hilo si tatizo kwangu, maana napiga picha za vitambulisho mbele ya ofisi ya komini, manispaa yetu, na karatasi zinapita machoni pangu kutwa nzima. Akasema kwa kweli alikuwa anamngoja mteja mwenye akili. Mzee anajua watu.

Naihitaji kabla ya Jumapili ya tarehe 20. Siku hiyo najionyesha rasmi kwa papa Timothée, nahodha mstaafu, baba yake Hélène. Hélène anauza liboke, samaki wa kuchoma ndani ya majani, jirani na meza yangu, na mimi nitamwoa. Papa Timothée ametangaza sharti lake mbele ya watu: mkwe wake aje na chombo chake mwenyewe, na karatasi za chombo hicho mkononi. Anasema hivyo kwa sababu ya ile siku nilipokwenda kwake na pikipiki ya kuazima, mwenyewe akaja kuichukua nikiwa bado nakula. Jambo dogo sana. Sijui kwa nini bado linazungumzwa.

Hubert naye anamtaka Hélène. Anabeba abiria kwa pikipiki mpya, na karatasi zake zote amezitia kwenye plastiki na kuzining'iniza shingoni. Hata kanisani. Mtu asiye na ndoto yoyote.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Pikipiki ni yangu. Tonton Yusufu alikubali tubadilishane, akachukua friji ya yaya Rachida. Yaya Rachida ni dada yangu mkubwa, naishi kwake, na friji hiyo ndiyo aliyokuwa akiuzia maji baridi. Lakini umeme wenyewe siku hizi unakuja ukijisikia. Friji ilikuwa kabati tu. Nilimweleza hivyo kwa utulivu. Alinijibu kwa mambo mengi ambayo hayahusu umeme.

Kuvusha pikipiki kwa mtumbwi si kazi ya mtu mwoga. Mpiga kasia alisema tuilaze. Nilikataa, nikaipanda nikakaa wima katikati ya mto, ili watu wa ufukweni waione. Waliiona. Waliona pia nilipoanguka. Bon, maji ya pale hayakuwa na kina.

Inawaka, ila inataka kusukumwa kwanza. Kiti kimechanika, na tonton Yusufu alikuwa amekifunika kwa fulana ya matanga, zile zinazochapwa uso wa marehemu. Huyu ni mzee mmoja mwenye mashavu mapana, na chini yake pameandikwa LOSALA, TUTAKUKUMBUKA DAIMA. Nimemkalia usoni kutoka ufukweni hadi nyumbani. Ndiye aliyekuwa mwenye pikipiki. Alipokufa, familia yake ya Mangobo ilimwuzia tonton Yusufu kama chuma cha kuyeyusha.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Nimekwenda ofisini. Karani anaitwa mama Jemima, mwanamke mkavu, hacheki hata ukimpa sababu. Nikamwambia nataka carte rose, ile karatasi ya mwenye chombo. Akataka karatasi za zamani. Nikamweleza habari ya mchwa. Akasema kwa wiki hii peke yake mchwa wamekwisha kula pikipiki sita.

Lakini mimi najua kuuliza. Akakiri kwamba kwa chombo cha kununua, bila karatasi ya zamani hakuna njia. Kwa chombo cha urithi, njia iko. Familia ya marehemu inasimama mbele ya shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, inasema kwa mdomo wake kwamba fulani ni mtu wao na kitu hiki wamempa, shefu anapiga muhuri, basi.

Donc nahitaji kuwa mtu wao. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Siku kubwa. Kwanza picha. Nilipiga picha uso wa mzee Losala kutoka kwenye fulana, nikautia kwenye mwili wa mjomba wangu aliyepigwa picha na pikipiki, nikajiweka mimi pembeni nikiwa kijana. Mzee ametoka na kichwa kikubwa kuliko pikipiki, lakini macho yenye machozi hayapimi vichwa.

Nikaenda Mangobo. Mkubwa wa familia pale ni mama Naomie, dada wa marehemu. Ni watu wa mto, asili yao Yanonge, wanakaa wengi uani na wote wanasikiliza. Nilikuwa nimepanga kusema tu kwamba marehemu alinipenda kama mtoto wake na alinifundisha kuendesha. Nikasema nimeitafuta pikipiki yake mji mzima mpaka nikaikuta kwenye vyuma vikuukuu, ikingoja moto. Hapo nikalia. Najua kulia. Nikatoa picha.

Mama Naomie aliishika muda mrefu. Kisha akawaambia wenzake kwamba Losala hakuzaa na mkewe, lakini wao siku zote walijua kwamba ana mtoto wa nje mahali fulani, na mtoto huyo ndiye huyu. Akanishika mashavu. Akasema ni yaleyale.

Ningeweza kusahihisha. Nilifikiri haraka. Mtoto anapita mbele ya rafiki, na muhuri wa mtoto haucheleweshwi. Nikainamisha kichwa, nikasema nilikuwa naona haya kujitaja.

Walilia wote. Wakachinja bata. Wakaninawisha uso kwa maji ya mto na kuniita Losala mdogo. Mama Naomie alisema anayekosekana ni kaka yao mkubwa peke yake, aliyegombana na marehemu zamani na hata kwenye matanga hakuja. Sikuuliza jina lake. Mambo ya ndani ya familia za watu mimi siyaingilii.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Yaya Rachida amesikia. Kisangani hakuna siri, kuna kuchelewa tu kidogo. Ameniuliza kama najua nimesema nini juu ya marehemu mama yetu, mwanamke aliyeolewa msikitini na hakutoka bila ushungi hadi kifo chake. Nimemwambia ni kwa ajili ya karatasi tu, na mama angeelewa. Tangu hapo haongei nami. Chakula changu anakiweka mlangoni.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Carte rose iko mkononi! Mama Naomie na wenzake walisema kila kitu mbele ya shefu, kwa sauti, bila kuyumba. Ndani imeandikwa wazi: Hemedi, mtoto wa marehemu Losala, amerithi. Mama Jemima aligonga muhuri, akasema anaomba nisirudi. Nadhani ni heshima.

Jirani na meza yangu Hélène aliniuliza kwa nini nimechangamka. Nikamwambia Jumapili ataona. Akacheka, akaniongezea kipande cha samaki. Aliniangalia kwa jicho zuri sana. Nampenda, wacha niandike hivyo hapa.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Nilifika kwa papa Timothée kwa kishindo. Vijana wawili wa toleka, wabeba abiria kwa baiskeli, walinisukuma kona ya mwisho kisha wakajificha na baiskeli zao, nikaingia uani nikiwa nanguruma. Hubert alikuwepo tayari, na plastiki yake shingoni. Uso ulimshuka. Nilikula vizuri hata kabla ya chakula kuja.

Papa Timothée hakuitazama suti yangu. Aliitazama pikipiki. Akaizunguka. Akagusa tangi pale penye kovu, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikampa carte rose kwa mikono miwili. Akasoma, akakaa chini. Akasoma tena.

Alors, ndipo nikajua yule kaka mkubwa ni nani.

Alisema pikipiki hii waliinunua wawili, yeye na mdogo wake Losala, walipokuwa vijana kwenye meli. Losala akaichukua peke yake, wakanuniana, na mdogo wake akafa wakiwa hawajasemezana. Hakwenda kumzika kwa ajili ya chuma hiki. Kila usiku, alisema, anajuta. Na leo mdogo wake amemtumia mtoto, tena juu ya pikipiki ileile. Akanikumbatia akalia begani mwangu kama mtu aliyefiwa leo. Nahodha mzima. Akamwita Hélène aje amsalimu kaka yake.

Sikuona ubaya wowote. Kwetu, familia za Kiislamu za hapa mjini, binti wa baba mkubwa ndiye anayefaa kuolewa kwanza, mali inabaki ndani na wakwe mnajuana. Niliona mambo yamenyooka kuliko nilivyopanga. Nikasimama, nikasema kwa furaha kwamba sasa mahari tutamalizana haraka, kwa sababu namwoa dada yangu.

Mama mmoja alitema mate chini. Hubert aliziba mdomo kwa plastiki yake.

Papa Timothée alinieleza taratibu, kwa huruma, kama mtoto aliyelelewa mbali. Kwa watu wa mto, mtoto wa ndugu ni mtoto. Hélène ni dada yangu wa tumbo moja. Hata kulitamka jambo lile ni balaa, na inabidi ninawishwe tena. Nikanawishwa tena. Maji yalikuwa baridi.

Jumatatu, tarehe 21 Julai

Hélène hakuuza liboke leo. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akasimama pale wanaposimama watu wa kupigwa picha. Akaniuliza kama ni kweli mimi ni mtoto wa Losala.

Kabla sijajibu alisema jingine. Kwamba pikipiki hakuijali. Kwamba baba yake alikuwa anatisha watu tu, na yeye alikwisha kumwambia mama yake atanikubali hata nikienda Jumapili kwa miguu. Niseme ukweli leo, aliniambia, na yeye mwenyewe atasimama nami mbele ya baba yake na mbele ya mama Naomie.

Nilipiga hesabu. Nikisema ukweli, carte rose inafutwa, pikipiki inaondoka, na mzee anampoteza mdogo wake mara ya pili. Nikikaa kimya, nabaki na karatasi halali, na mtu mwenye karatasi halali hakosi njia. Mambo ya dada na kaka hayawezi kushindikana kupata muhuri mahali fulani. Muda tu.

Nikamwambia ndiyo, Losala ni baba yangu.

Alinitazama sana. Akasema haya, kaka. Akaondoka. Meza ilibaki na harufu ya samaki wake na mimi niliumia kifuani, sitaki kusema uongo hapa. Lakini nimetafakari, na naona nilijibu vizuri.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Leo Hubert ameleta mahari ya Hélène. Mimi, kama mtoto wa kiume wa familia, nilikaa mbele pamoja na papa Timothée, na kazi ya kubishana ilikuwa yangu. Nilibishana. Nilitaka mbuzi mwingine, akamtoa. Nilitaka vitenge zaidi, akavitoa. Nilitaka taa ya jua kwa papa, akaitoa pamoja na karatasi ya dhamana. Sijapata kuona mtu asiyeshindika namna ile. Mwisho nikakosa la kudai, na desturi ikataka mimi nichukue mkono wa Hélène nimkabidhi.

Mkono ulikuwa baridi. Hakunitazama. Nikamkabidhi. Papa Timothée alinipigapiga mgongoni, akasema baba yangu Losala angejivuna. Nikatoka nje kidogo kwa kisingizio cha kuikagua pikipiki. Nilikaa juu yake mpaka macho yakakauka. Haikuwaka.

Hata hivyo siku haikupotea. Upande wa Hubert alikuja binamu yake, anaitwa Grâce. Mwalimu, mrefu, ana mwanya. Alicheka nilipokuwa nadai vitenge, na hakuwa anacheka na mwingine. Nimeulizia. Baba yake, nasikia, hampi binti yake mtu asiye na parsele yake mjini, kiwanja chenye karatasi zake.

Parsele ipo. Iko kando ya barabara ya Bengamisa, ina miti ya maembe na msingi wa nyumba uliokwisha kuanzwa. Mwenyewe amefariki wiki iliyopita bila mtoto, na karatasi hazijulikani ziliko. Matanga yanaendelea. Wanasema ni familia kubwa, watu wa huruma sana.

Kesho naenda kuwapa pole.