Gumba la Shangazi

Jumatatu, tarehe 9
Malipo ya ruzuku ya mahindi yameanza. Mimi ni karani wa dirisha la pili. Mashine ya alama za vidole imesoma watu asubuhi nzima, ikamkataa mmoja tu: Shangazi yangu aliyenilea. Mara sita! Gumba lake limelika kwa mpini wa jembe, laini kama jiwe la mtoni. Amri ya Mkuu wa ofisi yetu imebandikwa ukutani: asiyesomeka asubiri msimu ujao. Malipo yanafungwa Jumamosi adhuhuri. Bila ruzuku hana mbegu, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Akaniuliza mbele ya foleni kidole ambacho hakikwenda shule kitasomekaje. Foleni ikacheka. Mimi sikucheka. Jembe hilo ndilo lililonisomesha.

Jumanne, tarehe 10
Mpango. Ngozi ikilainishwa, mistari ya kidole hurudi. Nina hakika niliwahi kusoma mahali. Tangu alfajiri Shangazi ameloweka magumba katika maji ya uvuguvugu, kisha mafuta ya kupikia. Akalalamika kwamba alilea mtoto, sasa mtoto anamuunga kama mchuzi. Tukaenda. Mashine haikumsoma. Haikumsoma aliyemfuata, wala aliyemfuata huyo. Mafuta! Tukafunga dirisha hadi saa nane. Msafi, karani wa dirisha la kwanza, ambaye hupiga pasi hata leso, akauliza kwa sauti nani amekaangia samaki juu ya mali ya serikali. Nikajifanya natafuta kalamu. Ilikuwa mkononi.

Jumatano, tarehe 11
Nilikwenda mlangoni kwa Mkuu kuomba ushauri. Nikainua mkono kubisha. Akakohoa. Nikaushusha. Nikarudi na kufanya jambo ambalo naliandika hapa tu: nilifungua upya usajili wa Shangazi, nikaweka gumba langu mwenyewe. Mashine ikalipokea kwa mlio mtamu ajabu. Pesa zikaingia kwenye simu yake. Akanibariki mimi na watoto ambao sijawapata. Nikamsihi asimwambie mtu. Akaapa.

Alhamisi, tarehe 12
Ole wangu! Mashine hiyohiyo ndiyo ya mahudhurio yetu. Nilisahau. Nilipobonyeza asubuhi, kioo kikaandika: mkulima, mwanamke, miaka sitini na minane, ekari mbili. Msafi alikuwa nyuma yangu. Akainama na kusema shikamoo, Bibi. Ofisi nzima imeniamkia kutwa. Dereva ameniletea kiti, akaniuliza magoti yanaendeleaje. Na kwa mujibu wa mashine, karani wa dirisha la pili ni mtoro.
Saa nne, wazee kumi na mmoja dirishani, wakimuulizia kijana mwenye kidole. Shangazi anasema hakumwambia mtu. Alimwambia jirani tu.

Ijumaa, tarehe 13
Mkuu ameniita. Miguu ilikwenda yenyewe. Mimi nilibaki nyuma. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akavuta droo, akatoa bunda la fomu. Kumbe amri ya ukutani haimhusu mkulima ambaye vidole vyake vimelika: huyo hulipwa kwa mashahidi wawili na saini ya Mkuu. Fomu zimelala humo tangu mwaka juzi. Hakuna karani aliyewahi kuuliza. Akataka kujua kwa nini sikubisha hodi. Nikasema nilihofia kumsumbua. Akanitazama hadi nikaona haya kupumua. Nimjazie Shangazi fomu, wazee wale pia, na niandike maelezo. Kazi yangu itaamuliwa Jumatatu. Nikikwama, nibishe. Akarudia: nibishe.

Jumamosi, tarehe 14
Fomu kumi na mbili zimesainiwa. Pesa za Jumatano zimerudishwa, Shangazi amelipwa kihalali, wazee wote wamelipwa. Nimeapa mbele ya Mungu: ujanja basi. Kuuliza si ujinga.
Saa sita kasoro akaja mzee mwingine, jasho tele, kofia mkononi. Ametembea tangu usiku. Gumba lake: kioo kitupu. Nikamjazia fomu. Mashahidi wapo. Imebaki saini moja. Nikaenda. Mlango wa Mkuu umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani anaongea kwenye simu, na kwa sauti yake ni mtu mwenye shughuli. Saini moja! Si adabu kumkatiza mtu mzima kwa saini moja.
Nikarudi, nikamwambia mzee atulie, hatarudi mikono mitupu. Mashine ilikuwa ingali inawaka. Gumba langu wanalijua. Lakini vidole vingine tisa havijatumika.