Ndege Ilianguka kwa Sababu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Droni imeanguka! Ile ndege nyeupe ya upelelezi iliyokuwa ikituzunguka juu ya vichwa tangu mwezi uliopita, bila rubani, bila salamu. Imeanguka kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya soko, pua chini, mkia juu. Hakuna aliyeumia. Goli moja limevunjika.

Nilifika nimechelewa. Kufuli la duka langu lina ukaidi. Kinyozi alikuwa ameshafika, taulo begani, na tayari anawaeleza watu sababu. Joto, anasema. Mitambo ya aina ile haivumilii jua kali. Watu wanaitikia kwa vichwa! Mzee mmoja akamwita mtaalamu. Mtaalamu! Mtu ambaye baiskeli yake mwenyewe ikipata pancha anaisukuma hadi nyumbani.

Mtaa huu una fundi redio mmoja tu, na ndiye mimi. Ndege ile inaongozwa kwa mawimbi ya redio. Mawimbi ni mambo yangu. Roho imeniuma hadi chakula hakikushuka.

Jumanne, 4 Machi

Benchi la nje kwa kinyozi lilijaa kuliko siku ya fainali. Kila mtu na sababu yake. Muuza viatu anasema ni mwewe, aliona mgeni kwenye anga lake akampiga kumbo. Dereva wa teksi anasema anayeiongoza huko aliko alisinzia tu, na yeye anajua usingizi wa kazini unavyokuja. Mwalimu mstaafu anasema betri. Kinyozi bado na joto lake.

Nikaingilia. Nikasema ni mwingiliano wa mawimbi. Wote wakanigeukia. Raha iliyoje! Kisha kinyozi akauliza hayo mawimbi yanayoingiliana yanatoka wapi. Nikasema ni mambo mazito. Akaniomba basi nianze na jambo jepesi, ile redio yake iliyokaa kwangu tangu mvua zilizopita. Walicheka hadi wakashika mbavu. Nikaondoka nikijitia nina haraka.

Dukani nikawasha redio ili nisizisikie sauti zao. Papo hapo shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ambaye karakana yake ya kuchomelea vyuma imepakana na duka langu, akagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma. Redio ikakoroma. Krrrrr! Miaka yote nimeilaani kelele hiyo. Leo nimeipigia makofi. Nimepata!

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Niliwaita watu wote wa benchi hadi mlangoni kwa shemeji. Nikainua redio juu kama kombe. Shemeji akachomelea, redio ikakoroma. Akaacha, muziki ukarudi. Akachomelea tena. Nikawauliza, kama redio ya mezani inateseka hivi, ndege iliyo angani je? Midomo wazi! Kinyozi alikunja taulo lake. Sijapata siku tamu kama hii tangu nioe.

Shemeji naye alifurahi. Alidhani ni mchezo. Alirudia kila nilipomwomba, akamaliza vijiti vyake bure, huku ana kazi ya vitanda vya wodi ya wazazi pale zahanati, vinavyotakiwa wiki ijayo. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Anasema hii ndiyo itakayomtoa. Ni mtu mwema, shemeji. Hajawahi kuniita kwa jina, ni kaka tu.

Mke wangu ameniuliza kama nimefikiria ile ndege ina wenyewe, na siku wenyewe wakisikia itakuwaje. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema hiki ni kiherehere.

Alhamisi, 6 Machi

Mtangazaji wa redio ya mji amekuja dukani. Kwangu! Nilivaa koti la harusi ingawa redioni hakuna anayeona. Nikaeleza kila kitu kwa sauti nzito. Akauliza chanzo cha mawimbi hayo ni nini. Nikasema ni mashine ya kuchomelea, iko hatua chache kutoka kiwanjani. Jina sikutaja. Mimi si mtu wa kuchongea ndugu.

Mdogo wangu alipiga simu kunipongeza. Alisema alilia kwa furaha kusikia sauti ya kaka yake hewani, na kwamba aliwaita majirani wote waje wasikilize. Hakuwa ameelewa nilichosema. Nami sikumwelewesha.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja na pikapu. Askari wawili na bwana mmoja mwenye miwani. Wamechukua mashine ya shemeji kwa uchunguzi.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Bwana wa miwani alipouliza yuko wapi yule mtaalamu wa mawimbi, nilifurahi. Niliinua mkono kama mtoto darasani. Ni baadaye tu, pikapu ilipoanza kuondoka, nilipomwona shemeji. Alisimama katikati ya karakana, kinga ya uso kwapani, akitazama alama ya vumbi pale mashine ilipokuwa. Vitanda vilikuwa vimepangwa ukutani, vingine bila miguu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nadhani wataimaliza kazi yao mapema, maana mimi nayajua haya mambo.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Nilimpungia mkono. Alinipa mgongo, akaingia ndani.

Nimejuta.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda kituo cha polisi kurekebisha. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nilitaka kusema utafiti umeendelea, na sasa naona huenda ni joto. (Fikiria! Mimi, kumpa kinyozi ushindi! Ndivyo ninavyompenda shemeji.)

Bwana wa miwani akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, kwa hiyo juzi nilidanganya umma kupitia redio? Nikasema hapana. Akasema basi nilikuwa sahihi, na mashine itabaki. Akauliza tena taratibu, ni lipi kati ya hayo mawili? Nyuma yake palikuwa na mlango wa mahabusu, wazi kidogo, na harufu ilinifikia.

Nikasema nilikuwa sahihi.

Nilirudi kwa njia ya mzunguko ili nisipite mbele ya karakana. Mke wangu aliuliza nimefikia wapi. Nikasema suala linashughulikiwa. Aligeuka akaendelea kukunja nguo.

Jumapili, 9 Machi

Mpango mpya! Huu hauna kasoro. Kama mashine ya shemeji si peke yake inayokoromesha redio, basi lawama haiwezi kuwa yake peke yake. Nitaigawa. Ikigawanywa kwa watu wengi itakuwa nyepesi, watakosa wa kumkamata, mashine itarudi.

Nimezunguka mtaa mzima na redio mkononi. Friji ya duka la dawa: inakoroma kidogo. Pampu ya maji: haikoromi. Mashine ya kunyolea ya kinyozi: inakoroma vibaya sana! Sikuitafuta makusudi. Naapa. Ila nilipoisikia sikuhuzunika.

Nimempigia simu bwana wa miwani. Alisema ahsante kwa ushirikiano.

Jumatatu, 10 Machi

Wamechukua mashine ya kinyozi. Ya shemeji hawakurudisha. Nilimuuliza yule askari kuhusu kugawanya lawama. Akasema wao hawagawanyi, wanajumlisha.

Kinyozi alikuja hadi dukani kwangu. Nilidhani atanipiga, nikashika bisibisi. Hakunipiga. Aliketi akasema kwa upole kwamba yeye alisema joto kwa sababu joto halina mke wala watoto, hata ukilisingizia haliumii. Kisha akaniuliza mimi nilishindwa nini kusema hivyo hivyo. Nikamwambia joto si sayansi yangu. Akainuka akaenda zake. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 11 Machi

Taarifa imetoka. Mtangazaji yule yule ameisoma, safari hii bila kunitaja. Ndege iliishiwa mafuta. Waliokuwa zamu walisahau kuijaza. Basi! Si joto, si mwewe, si mawimbi. Mtu alisahau kifuniko cha tangi na galoni la mafuta, akaenda kunywa chai.

Nilikimbia kwa shemeji kumpa habari njema. Alikuwa ameshaisikia. Tukaenda pamoja kituoni kuchukua mashine. Waliiweka uani, nje, na mvua ya jana ikaimaliza. Shemeji aliinamisha mashine, maji yakatoka kama kutoka kwenye birika. Waya za ndani zimeungua, maana kuna mwerevu mmoja aliichomeka kwenye umeme ikiwa na maji, aone kama inawaka. Bwana wa miwani akasema wanasikitika, na tutie saini hapa. Kinyozi alipewa yake nzima, ilikuwa ndani ya droo.

Zahanati wameshampa fundi mwingine kazi ya vitanda.

Nilitaka kumwambia shemeji nisamehe. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikafungua mdomo, na badala yake nikajikuta namweleza kwamba hata hivyo, kinadharia, mawimbi ya mashine kama ile yangeweza kuangusha ndege. Alinishika bega akasema anajua, kaka. Twende nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji ameondoka asubuhi. Kuna karakana ya mtu huko mji mwingine, atafanya kazi chini ya tajiri, vyuma vya watu, mashine ya watu. Yeye aliyekuwa bosi wa nafsi yake! Hajui atarudi lini. Mdogo wangu amebaki na watoto.

Kabla ya kupanda gari alipita kwangu. Aliniletea redio yao ndogo ya chumbani, haishiki stesheni vizuri. Aliniomba niitengeneze ili mke wake apate sauti ya kumchangamsha jioni, nyumba isiwe kimya sana. Akasema ananiamini. Nilikazana kuangalia nyuma ya ile redio kana kwamba kuna kitu muhimu pale. Alipoondoka nikalia, hapa hapa kwenye meza ya kazi, kati ya spika na nyaya. Sina cha kujitetea. Domo langu limemhamisha mtu mwema kutoka nyumbani kwake.

Nimeapa. Sitatoa tena maoni juu ya kitu chochote kirukacho.

Jumamosi, 15 Machi

Droni nyingine imeanguka! Nyuma ya kiwanda cha matofali.

Mtangazaji alipiga simu mapema. Nikakataa. Nikamwambia mimi nimestaafu. Nilijisikia mwepesi, nikamsimulia mke wangu, naye akanimiminia chai kikombe kizima bila kuombwa. Amani imerudi nyumbani.

Kisha nikapita karibu na benchi. Kinyozi anasema upepo. Upepo! Jani halikutikisika tangu juzi! Na watu wanaitikia kwa vichwa. Nikauma ulimi. Nikarudi dukani kumalizia redio ya mdogo wangu, kazi ya heshima, kazi ya toba. Nikaunganisha waya wa mwisho, nikaiwasha. Sauti safi kabisa! Halafu ikakoroma. Ikanyamaza. Ikakoroma tena.

Nikachungulia upande wa pili wa ukuta. Mdogo wangu ameazima cherehani ya mota, ameiweka pale pale ilipokuwa mashine ya mumewe. Anashona sare za shule. Ni jambo zuri sana, mtu ajitegemee. Watoto watakula. Akanipungia mkono, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Nami nikampungia.

Nimempigia mtangazaji. Anakuja saa kumi. Sitataja jina la mtu, nimeshajifunza. Nitasema tu ni mota moja ndogo.