Pembe Iliyopinda

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Ushindi! Kipindi cha Ijumaa bado kinazungumzwa kisiwa kizima. Leo sokoni Apia, mji mkuu wetu, mama muuza taro, yale magimbi yetu, amekataa kuniuzia. Ameniambia nikamtake radhi mke wa chifu kwanza, ndipo nije nile. Mtangazaji akinyimwa taro, ujue kazi yake imesikika.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: mimi ni Tuvale, mtayarishaji na mtangazaji wa Ukweli Mchungu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Ijumaa niliionyesha nchi picha ya mkeka wa heshima wa Mama Fuatino, mke wa chifu wa kijiji chetu. Siku ya kufungua ukumbi wa kanisa aliutembeza uwanjani, kifua mbele, eti ndio mkeka bora kuliko yote ya nyumba yake. Nikaikuza picha. Pembe moja imepinda! Nikasema hewani kwamba aliyeusuka lazima alikuwa anasinzia, na kwamba mkeka ule unafaa kuanikia kakao. Mpiga picha wangu Pelenato, ambaye ni shemasi, alifumba macho. Kazi yake ni kutazama, yeye anafumba macho!

Kasoro moja tu. Jioni Mama amerudi kutoka mazoezi ya kwaya na gauni lake jeupe limekunjwa kwapani. Amesema mwaka huu hataimba Siku ya Akina Mama. Miaka thelathini na moja ameimba mstari wa mbele! Nimeelewa mara moja: Fuatino amemfukuza. Rafiki yake tangu usichana! Nimemwambia Mama asijali, mwanawe yupo. Amenipa taro baridi, bila tui.

Siku ya Akina Mama ni Jumatatu ijayo. Nina siku saba. Mungu aliumba dunia kwa sita.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Machifu wameandika barua kwa kituo. Bi Lesa, mkurugenzi wetu, ameisoma kwa sauti huku mlango wake uko wazi ili idara zote zifaidi. Kipindi kimesimamishwa. Kijiji kikinisamehe kabla ya Jumatatu, narudi hewani. Kisiponisamehe, saa yangu anapewa Etuale. Etuale! Mtu wa mapishi! Mtu aliyechukua nusu saa ya taifa kutuonyesha namna ya kumenya ndizi!

Etuale mwenyewe amenishika bega kwenye korido, sauti ya msibani. "Pole sana, kaka. Hivi lile kochi lako la studio linatoka, au limegongomelewa?"

Mpango wa kwanza: zawadi. Nimempelekea Mama Fuatino katoni nzima ya samaki wa kopo. Juu nimebandika stika ya kipindi, ile yenye uso wangu ukitabasamu, ili ajue imetoka kwa nani.

Saa kumi katoni imerudi. Haijafunguliwa, lakini stika haipo. Haukupita muda, nguruwe wa Mama Fuatino akapita mbele ya nyumba yetu, taratibu kama mgeni rasmi, na mimi nikitabasamu ubavuni mwake. Watoto wa shule walimfuata wakiimba wimbo wa kipindi changu. Waliujua wote, neno kwa neno. Hilo limenifariji kidogo.

Mama alikuwa barazani. Ameuangalia uso wangu ukipita, akarudi ndani.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Mpango wa pili: kuomba radhi hewani. Lakini hewani nimefungiwa. Ikabidi nimwangukie Etuale anipe dakika tatu katika mapishi yake. Akakubali upesi mno. Ningepaswa kushtuka hapo hapo.

Kumbe masharti ni nikune nazi. Nikakalishwa kwenye mbuzi mbele ya taifa, aproni ya maua kiunoni. Nikakuna na kutubu kwa pamoja. Nilisema nasikitika sana kwamba Mama Fuatino amekasirika. Nikaona nimelisema vizuri. Etuale akauliza, kwa upole wa nyoka, kama basi ile pembe haikupinda.

Nifanye nini? Miaka kumi na miwili ya ukweli mchungu! Nikasema imepinda, mwenye macho haambiwi tazama.

Nikajikuna kidole.

Nimefika nyumbani nikakuta mawe mawili yametupwa uani na televisheni imefunikwa kitambaa. Mama anashona kifungo cha shati langu. Nimemuuliza kama aliniona. Amesema alizima nilipofika kwenye pembe. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemshauri asikate vitunguu vingi hivyo. Baadaye nikatazama jikoni. Hakukuwa na kitunguu.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Sikuandika jana. Nilikuwa nawaza. Wazo limekuja alfajiri ya leo, na ni kubwa: ifoga, ile toba yetu ya kimila! Nitajifunika mkeka wa heshima, nitapiga magoti mbele ya nyumba ya chifu kabla ya jua, nitakaa mpaka wanifunue. Hakuna kijiji kinachokataa ifoga. Na Pelenato atakuwa nyuma ya mshelisheli na kamera! Mimi nitakuwa na kipaza sauti kidogo ndani ya lavalava, shuka yangu ya kiunoni. Msamaha wa kwanza kurekodiwa kutoka ndani ya mkeka! Etuale akakune nazi zake.

Pelenato amechukia. Amesema ifoga si mchezo. "Mzee, watu waliwahi kufa chini ya mikeka hiyo. Unampa mtu shingo yako, halafu unamwekea na kamera?" Nikamwambia ndiyo maana watazamaji watapenda. Akafuta lenzi kwa muda mrefu sana.

Tatizo likabaki mkeka. Mkeka wa studio ni wa plastiki, umeandikwa mahali ulikotengenezwa. Nikamwendea Mama. Amesema mkeka wake mzuri aliutoa zamani sana, kwenye harusi moja. Ndivyo mikeka yetu ilivyo, hailaliwi wala haikaliwi, inahama tu kutoka harusi hadi mazishi, nyumba hadi nyumba, hadi watu hawajui tena ilianzia wapi. Amebakiwa na mmoja wa kawaida. Akaufungua sandukuni, akaupangusa kwa kiganja.

Kisha akasema atakuja nao. Nimemkataza! Ana miaka sabini na goti la kushoto limeharibika. Akaniuliza mtu anapigaje magoti peke yake. "Ifoga ni ya ukoo, mwanangu. Wewe ukoo wako ni nani, hiyo kamera?"

Nikamsaidia kuukunja mkeka.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Nitaanza mwanzo.

Saa kumi na moja alfajiri tulipiga magoti kwenye kokoto mbele ya nyumba ya chifu, mimi na Mama, mkeka mmoja juu yetu. Giza la ndani ya mkeka linanuka majani makavu na sabuni ya Mama. Kwa dakika kumi nilinong'ona kwenye kipaza sauti, nikieleza hali ilivyo. Mama akanigusa mkono. "Nyamaza, baba. Wamelala."

Jogoo waliwika. Mlango wa jikoni ulifunguliwa, mtu akawasha moto, tukasikia harufu ya koko, kinywaji chetu cha kakao. Hakuna aliyekuja. Jua likapanda. Siafu walinipata kabla ya msamaha. Nguruwe alikuja akanusa mguu wangu, nadhani alinitambua.

Saa mbili. Saa tatu. Nikasikia Mama anahema vibaya. Nikamwambia arudi nyumbani, ninatosha. Akatikisa kichwa. Jasho lilimtiririka puani, na goti lile baya alilikunja chini yake bila kusema neno. Ndipo nikaogopa. Kweli nikaogopa. Si kwa ajili ya kipindi. Niliona jinsi Mama alivyozeeka, na mimi ndiye niliyemleta kwenye kokoto. Nikakichomoa kipaza sauti nikakifukia chini ya kokoto kwa vidole. Nikatamani kumpigia kelele Pelenato azime kamera, lakini chini ya mkeka mtu hapigi kelele.

Saa nne mkeka ukafunuliwa. Mwanga ukatuchoma. Mama Fuatino alikuwa amesimama mbele yetu, mikono kiunoni, na hakuniangalia hata kidogo.

"Salaevalu! Shoga yangu, umekuwa mwendawazimu? Na goti hilo! Mimi nakaza roho tangu alfajiri kwa ajili ya huyu mjinga wako, sikujua na wewe umo! Inuka!"

Wakashikana, wakalia wote wawili. Mimi nikabaki kwa magoti kama ndoo iliyosahauliwa kisimani.

Ndani tulipewa koko na mkate. Nikasema maneno yangu, machache, nayo yalikuwa ya kweli. Mama Fuatino akasema amesikia, amesamehe. Kisha nikamwomba pia amrudishe Mama kwenye kwaya. Akakodoa macho. Amrudishe? Kwani nani alimtoa? Alikabidhi nafasi yake mwenyewe! Alisema hana uso wa kusimama naye, baada ya zawadi yake kutukanwa na mwanawe.

Zawadi ya nani?

Mama Fuatino akaenda chumbani, akarudi na ule mkeka. Akauweka magotini pangu. Akasema aliletewa na Mama siku ya harusi yake. Mama aliusuka miezi minane, akiwa na tumbo. "Tumbo la nani, wewe mwenye kipindi? Uchungu ulimkamata akiwa pembe hii. Tulitaka kuifumua, tuisuke upya. Akakataa. Akasema iacheni, hapo ndipo alipokuja mwanangu."

Niliishika ile pembe. Nyuzi zinakwenda sawa, sawa, kisha zinayumba, kisha zinakwisha. Nikamuuliza Mama kwa nini hakuniambia tangu Ijumaa. Akapuliza koko yake kwanza.

"Ulikuwa unafurahi sana kwenye televisheni," akasema. "Nikaona nisikuharibie."

Nimelia mbele ya chifu, mkewe na nguruwe.

Jumatatu, tarehe 11 Mei, Siku ya Akina Mama

Nimesamehewa! Machifu wameandika barua ya pili, Bi Lesa ameisoma mlango ukiwa umefungwa. Saa yangu ni yangu. Etuale amenipongeza huku akishika kochi.

Picha za ifoga hakuna. Pelenato anasema betri ilikufa. Betri ya yule shemasi haijafa hata mara moja kwa miaka kumi na miwili. Nilimtazama, akanitazama. Nimemnunulia mkate wa nazi.

Leo wanaume ndio tumepika. Nimeunguza majani ya taro yenye tui, Mama akala yote na kusema ni matamu. Kisha kanisani akaingia na gauni lake jeupe, ua sikioni, akasimama mstari wa mbele, bega kwa bega na Mama Fuatino. Alipofungua kinywa nililowesha leso mbili. Ndipo nikaapa, hapo hapo kwenye benchi: kuanzia leo nitapima kila neno kabla halijatoka. Mtoto wa watu amejifunza.

Ila wimbo wa tatu kuna sauti iliyoingia mapema. Si kidogo. Nilisikiliza beti zote nne nikaipata: ni Mama.

Sasa, mtu wa zamani angelirukia hilo. Mimi nimebadilika. Nitalisema kwa upendo, na mbele yake, ili asisikie pembeni. Kipindi cha Ijumaa: Je, Mama Zetu Wanajua Kuimba? Nimemwambia Mama atakuwa mgeni wangu wa heshima. Amefurahi mno. Ameshaanza kupiga pasi gauni, wala hajauliza mada.

Mama Fuatino naye amekubali kuniazima ule mkeka niutundike nyuma ya kochi, kumbukumbu ya mapatano yetu. Utapendeza sana. Ile pembe nimemwagiza Pelenato aikunje kwa ndani, isituaibishe.