Mlima Uliosawazishwa kwa Waraka

Umma ulitangaziwa, kwa bango lenye mihuri mitatu lililobandikwa kwenye lango kuu la hifadhi, kwamba kuanzia tarehe mosi njia zote za matembezi ya miguu mlimani ni tambarare. Bango lilieleza kuwa hatua hiyo ni ya kihistoria na kwamba hakuna hifadhi nyingine iliyowahi kuifikiria. Hilo la pili lilikuwa kweli tupu.

Jambo lenyewe halikufanywa kwa pupa. Wageni walikuwa wamelalamika, na malalamiko yao yalipochambuliwa kitaalamu yalionekana kuwa ya aina moja: njia zinapanda mno. Mkurugenzi wa hifadhi, mtu aliyependa sana kuwasikiliza wananchi wasipokuwepo, akaunda Kamati ya Kusawazisha Mwinuko. Kamati ilikaa siku kumi na moja katika hoteli inayotazamana na mlima, ndani ya ukumbi ambao mapazia yalifungwa ili picha za projekta zionekane vizuri. Ikabaini kwamba kuuchonga mlima kungechukua muda mrefu, ilhali kubadili uainishaji wake kungechukua alasiri moja. Mwinuko, kamati ilihitimisha, ni mtazamo.

Kazi ya kuwafikishia wageni mtazamo mpya ilimwangukia Fundi Vibao. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye madoa ya rangi nyeupe kwenye kucha yasiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika kila kibao kilichomo msituni, na kila kibao alikipandisha yeye mwenyewe mgongoni, kwa hiyo mwinuko wa kila njia aliujua kwa magoti. Aliitwa ofisini, akakabidhiwa waraka wa kurasa ishirini na mbili aunakili neno kwa neno. Mahali penye mteremko wa kawaida aandike "tambarare yenye changamoto". Penye mawe, ambapo mtu hupanda kwa mikono na miguu, aandike "tambarare shirikishi". Na lile genge la mita arobaini kando ya maporomoko ya maji lilikuwa sasa "tambarare ya wima".

Fundi aliuliza, kwa adabu zote, kama hilo la mwisho halikuwa kosa la uchapaji. Katibu wa kamati, mtu aliyetembea na mafaili kifuani kama anayemlea mtoto mchanga, akamweleza kwa uvumilivu kwamba neno lile lilijadiliwa siku mbili nzima na halikupata mpinzani.

Mwenye kuumia mapema zaidi alikuwa mke wa Fundi. Mama Machela, kama alivyojulikana hifadhini, alikuwa kiongozi wa kikosi cha uokoaji, watu saba waliozoea kuwashusha waliovunjika, waliozimia na waliopanda kwa majivuno wakashindwa kushuka. Kwa kuwa mlima haukuwepo tena, kikosi nacho kilikosa sababu ya kuwepo. Kikavunjwa. Kamba na machela zikafungiwa stoo, na Mama Machela akahamishiwa langoni kuchana tiketi. Alirudi nyumbani siku hiyo, akaketi kula, akamuuliza mumewe kesho anakwenda kuandika kibao gani. Cha Njia ya Maporomoko, Fundi akajibu.

"Utaandika tambarare?"

"Waraka ndivyo unavyosema, mke wangu."

"Nimekuuliza wewe. Sijauuliza waraka."

Fundi akaendelea kutafuna taratibu, kama mtu aliyekuta changarawe kwenye wali na hataki mpishi ajue. Asubuhi yake akaenda, akaandika. Aliandika vizuri, kwa kuwa hakujua kuandika vibaya: NJIA YA FAMILIA. TAMBARARE. KARIBUNI NYOTE.

Wiki ya tatu wakaja mkunga mmoja mstaafu na dada yake. Mkunga alikuwa na miaka sabini na viatu vya wazi. Alisoma kibao, akafurahi, akamwambia dada yake kwamba hatimaye wazee nao wamekumbukwa. Kwenye tambarare shirikishi mguu wake ukateleza, akaporomoka mita nne na kuvunjika paja. Hapakuwa na kikosi, hapakuwa na machela. Walinzi wawili, wakata majani watatu na Mama Machela, aliyeliacha lango bila ruhusa, walimshusha kwa turubai la kufunikia kuni, saa tano nzima, mkunga akiuma upindo wa kanga yake asipige kelele.

Ofisi ilishughulikia tukio hilo kwa uzito unaostahili. Mama Machela alipewa barua ya onyo kwa kutelekeza lango. Taarifa rasmi ikasema kwamba mgeni alianguka akiwa mahali tambarare, bila sababu yoyote ya kijiografia, na ikapendekeza wageni wa umri huo wapewe semina ya kutembea.

Fundi alikwenda hospitali kumjulia hali. Alimkuta mkunga amelala chali, mguu umening'inizwa kwa vyuma, uso mtulivu. Mkunga alimwambia hamlaumu mtu, watu wanakosea. Ila angependa kujua nani aliandika kile kibao, maana herufi zake zilikuwa nzuri mno, na ni uzuri ule uliomtoa wasiwasi. Alisema moyoni kwamba mtu anayeandika kwa uangalifu namna ile hawezi kudanganya.

"Ni mimi, mama."

Mkunga alizitazama kucha zake zenye madoa meupe.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu," akasema, kisha akageuzia uso ukutani.

Fundi alitoka pale. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye banda lake la rangi, akauchomoa waraka, akaanza kuusoma kwa ajili yake mwenyewe badala ya kuunakili. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa akakuta kifungu ambacho kamati ilikichukua mzimamzima kutoka waraka mwingine, uliohusu korido za majengo ya serikali: kwamba kibao chochote kipya hakitakuwa halali hadi mkuu wa taasisi aipite njia husika kwa miguu yake, mbele ya mashahidi. Akamwandikia Mkurugenzi barua fupi ya kumkumbusha, kwa mwandiko uleule.

Mkurugenzi hakukasirika hata kidogo. Katika barua hiyo aliona kamera za waandishi. Alimuuliza Katibu kama njia yenyewe ni tambarare kweli, na Katibu akamhakikishia kwamba ni tambarare kwa mujibu wa nyaraka zote zilizopo. Siku ikapangwa, waandishi wa habari wakaalikwa, na Mkurugenzi akafika na suti ya kijivu na viatu vilivyochongoka vyenye kung'aa.

Kilomita ya kwanza alizungumza juu ya maendeleo. Kilomita ya pili aliacha kuzungumza. Maofisa waliomfuata walipumua kwa pua, midomo wameibana, kwani kuhema hadharani kungeweza kutafsiriwa kuwa ni kuupinga waraka. Jasho jembamba liliwatiririka kwa nidhamu. Walipofika kwenye mawe Mkurugenzi alishiriki kikamilifu, kwa viganja, viwiko na magoti ya suruali. Hatimaye wakatokea kwenye ukingo mwembamba wa jiwe kando ya genge, maji yakinguruma chini kabisa, na hapo Mkurugenzi akafanya kosa la kutazama.

Aliketi. Akaukumbatia mzizi wa mti kwa mikono miwili, akafumba macho. Katibu akawaambia waandishi kwamba kiongozi anakagua udongo kwa karibu. Baada ya saa nzima ya ukaguzi, ukungu ukianza kushuka na mzizi ukianza kulegea, Katibu alijitenga kidogo na kuita lango kwa redio, sauti chini, akaomba machela.

Langoni alikuwa Mama Machela. Alijibu kwa heshima kwamba kikosi hakipo tena, na kwamba mtunza stoo amekatazwa kwa maandishi kutoa kamba kwa matumizi ya mahali tambarare. Angehitaji tamko la mkuu wa taasisi. Hata hivyo aliwaambia wenzake sita wasubiri mlangoni pa stoo, akachukua karatasi na kalamu, akapanda mbio. Dakika hamsini baadaye alikuwa pale juu. Kabla ya yote alivua mkanda wake wa ngozi, akamfunga Mkurugenzi kwenye shina imara asianguke. Kisha akachuchumaa kando yake.

"Mama, nitoe hapa," Mkurugenzi akasema bila kufumbua macho.

"Nitakutoa, mheshimiwa. Sema tu uko wapi."

"Si unaona nilipo?"

"Mimi naona. Stoo haioni."

Mkurugenzi akapendekeza iandikwe tambarare ya wima. Mama Machela akasikitika kwamba kwa jina hilo stoo haitoi kamba. Mkurugenzi akafumbua jicho moja, likateleza lenyewe hadi chini kwenye maji, likarudi limejaa machozi.

"Andika mlima," akanong'ona.

"Andika mwenyewe, mheshimiwa. Mimi ni mchanaji wa tiketi."

Akaandika, karatasi juu ya goti: Niko mlimani. Ni mrefu. Naomba kushushwa. Akatia sahihi na tarehe, kamera zikimulika. Katibu aliposoma maneno yale kwa redio, mtunza stoo alifungua kufuli, na kikosi kikapanda. Mkurugenzi alishushwa kwenye machela, kichwa kikitangulia, akipita chini ya kila kibao na kukisoma juu chini.

Mkunga alipata habari hizo kitandani, kwa kinywa cha Fundi. Alicheka hadi muuguzi akaja kuushika mguu.

Wizara haikuufuta waraka, kwani wizara haikosei. Iliuboresha. Mwinuko ulirejeshwa kwa majaribio, na kikosi kikarudishwa kusimamia majaribio hayo. Ila katika kupanga mafaili, wizara iligundua jambo la kutia moyo. Kituo cha Juu, kibanda cha mawe karibu na kilele, kilikuwa hakina mkuu kwa miaka tisa, kwa sababu kanuni zilimtaka ofisa mwandamizi mwenye ushahidi wa maandishi kwamba amewahi kufika mlimani. Katika taasisi nzima ushahidi wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, tena wenye sahihi na tarehe. Barua ilimpongeza Mkurugenzi kwa uzoefu wake adimu, ikamtaka aripoti Jumatatu. Penye "usafiri" palijazwa "miguu".

Jumatatu alifika langoni akiburuta sanduku lenye magurudumu. Mama Machela alimchania tiketi, kwa kuwa mchanaji mpya alikuwa bado hajapatikana, akamtakia safari njema. Fundi Vibao alikuwa juu ya ngazi, akiandika upya kibao cha kwanza. Mkurugenzi alisimama chini yake, akiutazama mlima ulivyo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama hakuna njia nyingine, iliyo tambarare.

Fundi alimalizia herufi aliyokuwa nayo, akaifuta brashi kwa kitambaa.

"Ipo, mheshimiwa," akasema. "Ila hiyo haifiki."