Sauti ya Hodan Mdomoni mwa Adeer Isaak

Jamani, leo sina uso. Uso wangu umebaki sebuleni kwa wakwe. Mimi nimerudi nyumbani bila huo.

Acha nieleze mwenyewe kabla Mutua hajaeleza. (Mutua ni mwalimu mwenzangu, mtu wa Kitui. Siri kwake haikai hata muda wa kikombe cha chai.)

Wengi wenu mnajua homa ya uti wa mgongo iliniachia masikio mabovu tangu utotoni. Miaka yote nimeishi kwa kusoma midomo ya watu. Mwezi uliopita nikapata mashine mbili ndogo za kuvaa nyuma ya masikio, zinazoshikana na simu yangu bila waya. Wanafunzi wananiita Mwalimu Roboti. Sikasiriki. Siku ya kwanza nilikaa uani nikasikia mbuzi akitafuna karatasi, nikalia. Karatasi ina sauti! Majani ya mwarobaini yana sauti! Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuota macho wazi. Naona siku inakuja ambapo hatutajua mwili unaishia wapi na mashine inaanzia wapi. Mtu atakaa hapa Garissa awasikie ngamia wake wakinywa maji kule mbali Takaba.

Basi leo mchana tulikwenda kumposa Hodan, mimi, baba yangu, wazee wetu na Mutua. Kwa kawaida wazee wangekwenda wakanisemea, mimi ningebaki nyumbani. Lakini Adeer Isaak, yaani baba yake mdogo, mfugaji aliyetoka Takaba kwa ajili ya kikao hiki, alitaka kuniona kwa macho yake. Alikuwa ameambiwa binti yao anaolewa na mtu wa nusu chuma.

Adeer ni pande la mtu, ndevu nyekundu kwa hina, ila sauti yake inafia humo humo ndevuni. Mimi sikuwa na wasiwasi. Simu yangu hugeuka kuwa kinasa sauti. Nikiiweka karibu na mtu, maneno yake yanakuja moja kwa moja masikioni mwangu na kelele nyingine zote zinafifia. Nikaomba ruhusa, nikaiweka mezani mbele yake.

"Hii nakula maneno yangu?" akauliza. (Aliongea Kiswahili kwa heshima ya Mutua.)

"Inayaleta kwangu tu, Adeer."

"Sawa. Isikule yote."

Mambo yakaenda vizuri mno. Joto la mchana, feni inazunguka kivivu, pazia linavuta pumzi na kuzitoa. Eedo Halima, shangazi yake Hodan, akaleta chai, akakusanya vikombe vitupu, akarudi jikoni na sinia. Na simu yangu! (Yangu ina kava ya kijani. Yake pia.)

Sikuona. Nilikuwa nimeinamisha macho kwa adabu. Adeer akaanza kutaja masharti, nami nilipoinua macho nikaona ndevu zinacheza, midomo inafunguka, na ndani yake inatoka sauti ya msichana akiimba polepole.

Hodan.

Mtanielewa? Sikuwahi kuisikia sauti ile. Tulijuana masikio yangu yakiwa bado yamelala. Alikuwa akinigeukia na kutamka taratibu ili nimsome. Nilipopata mashine, yeye alikuwa kazini Mandera, tunaandikiana tu, hadi aliporudi kwa ajili ya posa hii. Nilijua umbo la maneno yake, sikujua mlio wake. Sasa ulikuwa katikati ya kichwa changu, karibu kuliko mawazo yangu mwenyewe. Mtu mwenye akili angesema, "Samahani wazee, simu imechukuliwa." Mimi nikafumba macho.

"Hodan," ikaingia sauti ya Eedo, "wewe unaolewa na mtu au na redio?"

"Eedo, huyu alinisikiliza hata alipokuwa hasikii."

Sebule ikaondoka. Wazee wakaondoka. Nikajiona mahali pasipo na kuta, mchanga mweupe hadi mwisho wa macho, ngamia wanapita bila haraka, na kati yangu na yeye uzi usioonekana, hakuna aliye mbali na mwenzake. Halafu akauliza, kwa upole ule ule, humo humo ndani ya fuvu langu: "Hii inatosha, au niongeze sukari?"

Nikajibu. Kwa tabasamu. Na kwa sauti kubwa, maana mashine zikishikana na simu sijui napaza kiasi gani. (Na kwa Kiswahili, ili hata Mutua asipitwe.)

"Ongeza kidogo, mpenzi wangu."

Nikafumbua macho. Vikombe vimeganda hewani. Baba yangu anakagua dari. Mutua anatafuna leso yake.

Baadaye ndipo nilipoambiwa Adeer alikuwa amefika wapi. Alikuwa amemaliza masharti: nyumba yetu iwe jirani na ya Eedo Halima, na kila likizo niende Takaba kunywesha ngamia. Kisha akaniuliza, "Kijana, hayo natosha?"

"Mbensi?" Hiyo niliisoma midomoni mwa Adeer; p kwake ni b, na z ni s. "Nani mbensi? Mimi?"

Pazia likafunguka. Eedo Halima huyo, simu mkononi. "Hii ya nani? Naibonyeza, haifunguki!"

Kumwita mzee mpenzi ni aibu tu, inapita. Kusikiliza wanawake wa watu jikoni kwao kunavunja posa. Adeer akaichukua simu, akaisogeza ndevuni.

"Wewe nasikia jikoni yetu?"

"Nimesikia, Adeer. Simu ilichukuliwa kwa bahati mbaya. Lakini nilipogundua nilipaswa kusema, na sikusema."

"Kwa nini?"

Nikatazama zulia. "Ilikuwa sauti yake. Sijawahi kuisikia."

Adeer akaigeuza simu, akaitazama kama ndama wa ngamia aliyezaliwa na rangi ya ajabu.

"Hii," akasema, "mimi nafunga kwa shingo ya ngamia. Ngamia nabotea. Mimi nasikia iko wabi?"

"Akiwa karibu, Adeer. Akienda mbali, bado."

"Bado mbaka lini?"

"Labda siku za wajukuu."

"Wajukuu sa nani?"

Nikahisi masikio yanachemka, mashine na yote. Na mzee akacheka! Kwanza ndevu, kisha mabega, kisha sebule nzima. (Mutua alitoka nje kabisa, akaegemea ukuta.)

"Umesema ongesa," akasema Adeer akifuta machozi. "Mimi naongesa. Kila likiso wewe nakuja na hii simu. Tunajaribu kwa ngamia."

Wakainua mikono, Fatiha ikasomwa. Nimekubaliwa, alhamdulillahi. Nilipotoka getini nikakuta ujumbe wa Hodan: "Sukari ilitosha?"

Sijamjibu. Nimejifunika shuka.

Harusini mnakaribishwa nyote, ila nawaomba kwa jina la Mungu, mzee aitwe Adeer. Yeyote atakayemwita Mbensi, bakora itanishukia mimi.